Picha Inavyosema: Habari ya Filamu ya Ar-Risala

Ndugu msomaji, habari hii yanihusu mwenyewe, wala si habari ya kunipa sifa. Katika Mfungo Sita uliopita, siku chache baada ya Maulidi, niliwataka watoto wa chuo changu kila mmoja asimame aeleze jambo moja alijualo katika Hijra. Wakaeleza habari za pango, na buibui, na njiwa. Ikafika zamu ya mtoto mmoja wa miaka 11, mpole, si katika wale wenye maneno mengi. Akasema: "Maalim, mimi nimemwona Mtume akiingia Madina. Alikuwa juu ya ngamia wake."

Watoto wakacheka. Nikamwuliza amemwona wapi, akajibu kwamba ni katika filamu ya Ar-Risala, waliyoitazama nyumbani kwao usiku wa jana yake. Nikamwambia kuwa huo ni uwongo, tena uwongo mbaya, kwani mimi mwenyewe niliitazama filamu hiyo ujanani, na Mtume (S.A.W.) haonyeshwi ndani yake, si uso wake wala sauti yake. Mtoto akashikilia neno lake. Nikamwamuru asimame pembeni mpaka wenziwe watoke.

Jioni ile bibi yake akaja barazani kwangu. Ni mama mtu mzima, mwenye haya, asiyekuja kwa jambo dogo. "Maalim," akasema, "mjukuu wangu hakusema uwongo. Tulitazama sote. Hata mimi nilimwona, nikalia."

Basi nikawa na mashahidi wawili, mmoja mtoto na mmoja mkubwa mwenye akili zake timamu, na wote wawili wanathibitisha kuona kitu nijuacho hakimo. Ningeweza kulishikilia neno langu, kwa kuwa ukweli ulikuwa upande wangu. Lakini usiku ule sikulala vema. Siku ya pili nikaiazima filamu ile, nikafunga mlango, nikaitazama kwa karatasi na kalamu, si kama mtu asikilizaye hadithi, bali kama seremala anayekipindua kiti cha mwenziwe ili aone kilivyoungwa. Niliyoyaona ndiyo ninayotaka kuwaeleza wasomaji, kwa kuwa siku hizi hapana nyumba isiyoingia picha hizi, na wengi wetu twazitazama kila siku na hali hatujui zinavyosema nasi.

Mtengenezaji wa filamu hiyo alikuwa Moustapha Akkad, Mwarabu wa Syria, aliyezaliwa Halab mwaka 1930, akaenda Marekani akiwa kijana kuisomea kazi hiyo. Ilianza kuonyeshwa mwaka 1976. Kusema kweli ni filamu mbili, kwani masimulizi hayo hayo yaliigizwa kwa Kiingereza na yakaigizwa tena kwa Kiarabu, na waigizaji wakuu wakawa wengine. Sayyidna Hamza (R.A.) wa Kiingereza ni Anthony Quinn, na wa Kiarabu ni Abdullah Gaith, Mmisri. Kazi ilianzia Morocco, ambako majumba ya Makka ya kale yalijengwa kwa ajili ya picha. Kisha upinzani ukazidi, ikabidi wahame wakaimalizie Libya.

Sharti lililomkabili mtu huyu lilikuwa gumu mno. Alitaka kusimulia maisha ya Mtume kwa muda wa karibu saa 3, na yule anayesimuliwa asionekane wala asisikike. Wala si yeye peke yake: hata wakeze, na watoto wake, na Makhalifa wanne, hawaonyeshwi. Ni kama mtu kuambiwa aandike habari za bahari bila ya kutaja maji.

Alilofanya Akkad ni kuigeuza kamera kuwa jicho. Katika filamu za kawaida, watu wawili wakizungumza, kamera husimama pembeni ikawaonyesha wote wawili. Kisha hukaa mahali pa mmoja ikamwonyesha mwenziwe kama yule wa kwanza amwonavyo. Kisha hugeuka upande wa pili. Mtazamaji hupelekwa huku na huku wala hajihisi amepelekwa. Sasa katika Ar-Risala kamera hukaa mahali pa Mtume, lakini haigeuki upande wa pili kamwe. Mtu husimama mbele yake, akasema, akanyamaza kama asikilizaye, akatikisa kichwa, akajibu. Neno alilolisikia sisi hatulisikii. Twalijua kwa kuwa Hamza au Zaidi au Bilali hulikariri. Kamera ikienda, watu huenda nayo, kama watu wanaofuatana na mkubwa wao njiani. (Mimi binafsi naona mahali pengine jambo hili limechosha, na yule mwenye kukariri maneno akawa kama mkalimani wa mahakamani. Lakini kazi ya saa 3 haikosi mahali pa kulegea.)

Na sikio nalo halikuachwa. Mahali panapokusudiwa kuwa Mtume yupo, husikika sauti laini ya kinanda, sauti ndogo ambayo mtu huenda asiitambue kuwa ameisikia. Muziki huo ni kazi ya Mfaransa Maurice Jarre. Ikisikika mara ya kwanza, haina maana. Ikisikika mara ya pili na ya tatu, na kila mara watu wameinamisha nyuso kwa heshima, moyo hujifunza wenyewe. Baadaye yatosha kinanda kulia, nawe umekwisha kuketi vizuri kabla hujajua kwa nini.

Lakini hayo hayakutosha kunieleza jambo la bibi na mjukuu. Wao hawakusema kwamba waliiona Madina kwa jicho la mpanda ngamia. Walisema walimwona mpanda ngamia. Ili tulifahamu hilo yatubidi tuiache Madina kidogo, twende Urusi, katika miaka michache iliyofuata mapinduzi yao ya mwaka 1917.

Huko palikuwa na mwalimu wa filamu, kijana, jina lake Lev Kuleshov. Wenziwe wamesimulia jaribio alilolifanya. Alichukua kipande cha picha ya mwigizaji mashuhuri, uso mtupu, haucheki wala haununi. Akakiunga na picha ya sahani ya supu. Kisha akakiunga kipande kile kile na picha ya mtoto ndani ya jeneza, na tena na picha ya mwanamke aliyejilaza. Watazamaji wakausifu ustadi wa mwigizaji: namna alivyoitazama supu kwa njaa, na maiti ya mtoto kwa huzuni, na mwanamke kwa matamanio. Na hali uso ulikuwa ni ule ule mmoja, haukubadilika hata ukope.

Tulia hapa kidogo, msomaji, kwani hapa ndipo penye siri yote. Huzuni haikuwamo katika picha ya uso, wala haikuwamo katika picha ya jeneza, kwani jeneza halihuzuniki. Huzuni ilikuwa baina ya picha mbili, mahali pasipo na picha yoyote. Ni mtazamaji aliyeitia, kisha akadhani ameiona. Mafundi wa filamu wa dunia nzima wamelijua jambo hili kwa zaidi ya miaka 100, na kila siku wanalitumia. Sisi tunaotumiwa ndio tusiojua.

Sasa turejee Madina. Watu wamepanda mitende, wanatazama jangwani. Kisha nyuso zao, zimejaa furaha. Kisha ngamia anakuja. Kisha nyuso tena, za watoto na wanawake na wazee, na wote wameinua macho kutazama mahali pamoja, juu kidogo, mahali ambapo mtu aliyepanda ngamia angekuwa ameketi. Wanaimba. Ngamia anapita katikati yao, na hapana amwongozaye, mpaka atakapopiga magoti mwenyewe. Uso na kitu kinachotazamwa, uso na kitu kinachotazamwa, kama Kuleshov alivyounga. Tofauti ni moja tu, kwamba Akkad ameitoa ile picha ya pili, akaacha pengo.

Na pengo lile bibi alilijaza. Alilijaza kwa mapenzi aliyonyonyeshwa tangu utotoni, na kwa Maulidi yote aliyosoma, na kwa sifa zote alizozisikia usiku wa Mfungo Sita kwa miaka 60. Mtu asiyemjua Mtume hata kidogo, akiitazama picha ile, ataona ngamia na watu wengi. Bibi aliona zaidi kwa kuwa alikuja na zaidi. Mjukuu naye alimwona kwa sababu hiyo hiyo. Na pengine, Mungu anisamehe, sehemu ya aliyoyaona niliyatia mimi mwenyewe chuoni.

Basi mtoto hakusema uwongo. Lakini wala hakuona. Na hili si jambo jepesi kwa mwalimu, kwani sisi katika elimu ya Hadithi twamwuliza mpokezi: umesikia mwenyewe, au umesikia kwa aliyesikia? Naye hutaja watu wake mmoja baada ya mmoja. Picha haina isnadi. Yapita katika macho ikakaa moyoni mahali pale pale panapokaa mambo tuliyoyashuhudia, na baada ya mwaka mmoja mtu hawezi tena kuyatenga.

Kuna mahali pengine Akkad ametumia kisehemu kusimama badala ya kizima. Katika vita vya Badr, Sayyidna Ali (R.A.) haonekani, unaonekana upanga wake wenye ncha mbili, Dhulfiqari, ukifanya kazi yake. Lugha yetu yafanya vivyo hivyo, tunaposema msikiti ulijaa makanzu meupe, na hakuna adhaniye kuwa makanzu yalikuja yenyewe kusali. Na mwanzoni kabisa mwa filamu wako wapanda farasi watatu, wakienda mbio pamoja katika mchanga mtupu. Kisha njia zao zinagawanyika, mmoja huku, mmoja huku, na mmoja kule. Wamebeba barua za kuwapelekea wafalme. Kabla barua hazijasomwa, macho yamekwisha kufahamu kwamba jambo lililotoka mahali pamoja linaenea duniani. Hapo sina la kumlaumu fundi.

Asije mtu akadhani kwamba nashughulika na mambo ya mchezo. Mwezi wa Machi mwaka 1977, filamu hiyo ilipokuwa yaanza kuonyeshwa Marekani, watu wenye silaha waliingia katika majengo matatu mjini Washington, wakashika mateka wapatao 149, kuanzia tarehe 9 mpaka tarehe 11. Kiongozi wao alikuwa na uchungu mwingine mzito, kwani jamaa zake waliuawa mwaka 1973, watoto wadogo wakiwamo. Lakini miongoni mwa madai yake lilikuwamo hili, kwamba filamu hiyo isionyeshwe, kwa kuwa aliihesabu ni kumvunjia Mtume heshima. Mtangazaji kijana wa redio alipigwa risasi akafa. Mabalozi watatu, wa Misri, wa Iran na wa Pakistan, wakaketi na kiongozi huyo, wakakumbushana naye aya za Qur'ani, mpaka mateka wakaachiliwa. Damu ilimwagika kwa sababu ya picha ambayo mtengenezaji wake alikuwa amejitaabisha miaka mingi ili asimwonyeshe yule aliyeogopewa kuwa ameonyeshwa.

Wanazuoni nao hawakuafikiana juu ya filamu hiyo, wako walioiridhia na wako walioipinga, nami si mtoa fatwa, ni mwalimu wa watoto. Mwaka 2018 ilionyeshwa katika majumba ya sinema ya Saudia. Akkad hakuishi kuyaona hayo. Mwaka 2005 alikuwa Amman, katika hoteli iliyolipuliwa na watu waliodai kuipigania dini. Binti yake akafa, naye akafa kwa majeraha baada yake.

Baada ya kuimaliza Ar-Risala nilitamani kujua kama lugha hii yafaa pia kwa habari za watu wadogo, zisizo na vita wala farasi. Kijana wangu wa kwanza akanipa filamu ya Kiirani ya mwaka 1997, kazi ya Majid Majidi, ambayo jina lake maana yake ni Watoto wa Mbinguni. Niliitazama pamoja na watu wa nyumbani, na nawapa shauri wenye nyumba waitazame.

Habari yake ni ya viatu. Mtoto wa kiume, Ali, amepeleka kiatu cha dada yake, Zahra, kikashonwe, na njiani kikampotea. Baba yao hana kitu. Basi wanavaa jozi moja kwa zamu, yeye Zahra asubuhi, na kaka yake baadaye, na kila siku hukimbizana vichochoroni ili kiatu kiwahi. Angalia filamu inavyoanza: mikono ya fundi yashona kiatu kidogo, muda mrefu, na hatujaonyeshwa uso wa mtu. Kabla hatujajua jina la yeyote, tumekwisha kujua kilicho na thamani katika nyumba ile. Na watoto wanapotaka kusemezana bila ya baba na mama kujua, huandikiana katika madaftari, wote wamo chumbani humo humo, wazazi wakizungumza mambo yao. Kamera hutuonyesha kalamu na nyuso, nasi twaingizwa katika siri ambayo wakubwa hawanayo.

Zahra akiwa shuleni huitazama miguu ya wenziwe waliopanga safu, na kamera huteremka nayo ikawa chini pale pale yalipo macho yake, tukaiona miguu kwa miguu, viatu vizuri baada ya viatu vizuri. Hakuna asemaye neno juu ya umasikini. Mke wangu akasema: "Sasa mimi nikienda harusini nitatazama miguu ya watu," na nadhani ndivyo alivyofanya.

Mwishoni Ali anashindana mbio, na alichokitaka ni nafasi ya tatu, kwani zawadi ya wa tatu ni viatu. Akatokea wa kwanza. Watu wanamsifu na kumpiga picha, naye analia. Arudipo nyumbani mikono mitupu, dada yake anamtazama miguuni, hasemi kitu. Lakini kabla ya hapo sisi watazamaji tumeonyeshwa, kwa muda mfupi sana, baskeli ya baba yao, na nyuma yake mzigo, na katika mzigo vimo viatu vipya. Sisi twajua, wao hawajui, na filamu haingoji mpaka wajue. Inaisha kwa miguu ya Ali iliyochubuka, ameitia katika birika la uani, na samaki wekundu wanaizunguka. Nyumbani kwangu hapakuwa na aliyeinuka upesi.

Nataja hayo mazuri, lakini sitaki kuficha kwamba ufundi ni mmoja, kwa mwema na kwa mbaya. Katika simu za vijana wetu huletwa kila siku vipande vya dakika moja: mtu anacheka, kisha nyumba iliyobomolewa. Je, alikuwa akiicheka nyumba ile? Huenda alichekeshwa na mwenziwe katika mji mwingine, mwaka mwingine, na mtu wa tatu akaviunga. Namna ya kuunga ni ile ile ya supu na jeneza. Na pakitiwa muziki wa huzuni chini yake, hata mtu mzima na mvi zake hulia, kisha akakasirika, kisha akawapelekea jamaa zake wote. Mimi ni mmoja wao, nimepata kufanya hivyo, na baadaye nikaona aibu.

Ijumaa iliyofuata niliwaambia watoto wote chuoni kwamba mwenzao hakuwa mwongo, na kwamba nilimwadhibu kabla ya kumwuliza sawasawa, nikamtaka radhi mbele yao. Kisha baada ya Alasiri nikaenda nyumbani kwao na ile filamu. Tukaketi watatu, mimi, na bibi, na mtoto. Tulipofika Madina nikaisimamisha picha kila mahali inapobadilika. Nikamwuliza mtoto: hapa waona nini? Akasema, nyuso. Na hapa? Ngamia. Na hapa? Nyuso. Tulikwenda hivyo kipande kwa kipande mpaka ngamia akapiga magoti.

Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Maalim, wale wanaotazama juu wananitazama mimi. Kwani aliyekaa juu ya ngamia ni mimi?"

"Astaghfirullahi!" akasema bibi yake.

Nikamwambia kwamba aliyekuwa pale ni mpiga picha na mashine yake.

"Basi watu wote wale waliimba mbele ya mashine?"

Nikamwambia, naam, mbele ya mashine.

Akamgeukia bibi yake. "Na wewe, bibi, ulililia mashine?"

Bibi akatengeneza mtandio wake. "Mimi," akasema, "sikuililia mashine." Akaniomba niirudishe picha nyuma, pale watu wanapokuwa mitendeni.